Tulivyoshuka Mombo kwa Miguu

Mume wangu alichaguliwa kuwa katibu wa madereva kwa sababu ya mwandiko wangu. Yeye mwenyewe aliishia darasa la nne, na herufi zake zilikuwa kubwa, zimelala upande mmoja kama gari lililopakiwa vibaya. Mimi nilimaliza la saba kule Shume, na mwalimu wetu alikuwa akiniita mbele nimwandikie ubaoni. Wenzake walilijua hilo. Walipokutana kwenye gereji ya pale stendi ya Lushoto kuchagua viongozi, mmoja wao alisema, "Katibu awe huyu, ana mke anayeandika," na hakuna aliyepinga.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya tisini. Kabla ya hapo mlima wetu ulikuwa na mabasi machache ya umma, na likiharibika moja watu walilala Mombo na mizigo yao. Kisha mambo yakafunguliwa. Sabuni zikarudi madukani, mitumba ikajaa sokoni, na watu binafsi wakaanza kuleta mabasi. Sisi tuliozoea kusubiri siku nzima tukaanza kulalamika tukikosa gari kwa nusu saa.

Lakini matajiri, ndivyo madereva walivyowaita wenye magari, hawakuandikiana na mtu. Dereva alipewa ufunguo asubuhi, akaurudisha jioni, na kesho yake akikuta mwingine ameushika, basi, kazi ndiyo imekwisha. Jirani yetu, tuliyetenganishwa naye na ukuta mmoja wa udongo, alikuwa dereva wa namna hiyo. Siku moja breki zilimgomea kwenye kona za chini ya Soni. Akaliegemeza gari kwenye jabali la upande wa mlima badala ya kuliachia liende korongoni. Abiria wote walitoka wazima. Yeye alisagika mguu wa kulia, akalala hospitali miezi mitano. Alipotoka na magongo yake akaenda kwa tajiri, na akaambiwa kwa adabu kabisa kwamba hakuna karatasi yoyote inayoonyesha kuwa aliwahi kufanya kazi pale. Alirudi nyumbani, akaketi kibarazani, akaanza kutengeneza makatambuga, yale malapa ya mpira wa tairi.

Mke wake ndiye aliyekuwa kiongozi wa kikundi chetu cha ngoma. Tulikuwa wanawake kumi na sita, wengine Waislamu kama mimi, wengine Walutheri kama yeye, na nyimbo zetu zilikuwa zile za Kishambaa tulizorithi kwa mama zetu, za kupalilia na za kubeba mizigo. Afisa utamaduni alitusikia kwenye sherehe moja ya shule, akatuandika jina. Mwezi uliofuata tukaletewa habari: tumechaguliwa kwenda Tanga kuimba kwenye sherehe za Uhuru, uwanjani, mbele ya wakubwa.

Sijui kama ninaweza kueleza furaha ile. Nilikuwa nimeolewa na dereva miaka saba na sikuwahi kuvuka Korogwe. Mume wangu alinipata ndani ya basi, nikiwa msichana ninayeshusha karoti za baba yangu kutoka Shume. Alikuwa akiniwekea kiti cha mbele na kudai eti kimevunjika, hakuna mwingine anayejua kukikalia. Baada ya ndoa sikupanda tena. Watoto wawili, shamba, mama mkwe anayeumwa magoti. Sasa ningepanda, tena kwenye gari lake, maana ndilo lililokodiwa kutupeleka. Tulishona sare ya kitenge cha bluu, na mimi nikajishonea kilemba chake.

Jumapili moja mchana, baada ya chakula, mume wangu aliweka daftari mezani na kalamu juu yake.

"Mama watoto, kuna barua ya kuwaandikia matajiri," alisema. "Nakala iende kwa mkuu wa wilaya."

Nikaketi. Akawa anasema, mimi nanyoosha maneno. Madereva wote wa mabasi ya mlimani wanaomba mikataba ya maandishi. Wanaomba mtu akiumia kazini asikanwe. Wasipojibiwa, mabasi yote yatapaki, hakuna litakaloshuka wala kupanda, na madereva wa malori ya mboga wamekubali kutobeba abiria.

"Kuanzia lini?" niliuliza, kalamu ikiwa juu ya karatasi.

Hakunitazama. "Tarehe nane, alfajiri."

"Nane ya mwezi gani?"

"Mama watoto, unajua ya mwezi gani."

Nikaiweka kalamu chini. "Tarehe nane ndiyo tunakwenda Tanga."

"Najua."

"Na gari ni lako."

"Najua. Niliwaambia tusogeze mbele mpaka sikukuu ipite. Wakaniuliza, sikukuu ikishapita nani atatusikiliza? Nikakosa jibu."

Upande wa pili wa ukuta nyundo ya jirani ilikuwa ikigonga misumari kwenye mpira. Hata Jumapili alikuwa akifanya kazi, na mke wake, Mlutheri hasa, alikuwa ameacha kumkataza. Nilisikiliza ile nyundo kwa muda. Kisha nikaichukua kalamu, nikaandika: tarehe nane Desemba. Niliyaandika maneno yale vizuri kuliko maneno mengine yote ya barua ile. Nadhani ilikuwa hasira.

Siku mbili sikuzungumza naye ila kwa lazima. Nilimwekea bada yake na mshunga, ugali na mboga chungu anayoipenda, nikatoka nje. Naye alikula, akaosha sahani mwenyewe, jambo ambalo halikuwa la kawaida kwa wanaume wa kwetu miaka ile, akaifunika kwenye kapu nisione kwamba ameiosha.

Barua ilipofika kwa wenyewe, mji mzima ukajua. Sokoni watu waligawanyika. Wapo waliosema madereva wana haki, wapo waliosema wanaitia wilaya aibu siku ya taifa. Sisi wa kikundi tulikutana uani kwa kiongozi wetu. Wote walinitazama mimi.

"Mwambie mumeo atupeleke tu," mmoja alisema. "Ni gari moja. Tena ni kwa ajili ya taifa."

Kabla sijajibu, jirani yetu, mume wa kiongozi, alisema kutoka kibarazani, bila kuinua macho kwenye kiatu chake: "Asithubutu kuliwasha. Akiliwasha kwa ajili ya mke wake, kila dereva ana mke."

Kiongozi wetu alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti iliyozidi mwili wake. Alijifuta mikono kwenye kanga.

"Nani hapa amezungumzia gari?" aliuliza. "Waliogoma ni wa mlimani. Mombo mabasi ya Arusha yanapita kama kawaida. Sasa kutoka hapa mpaka Mombo kuna nini? Kuna njia. Mama zetu waliishuka na mizigo kichwani, wakauza, wakapanda tena. Sisi tunabeba ngoma mbili tu."

Watu wakacheka, kisha wakaacha kucheka, kwa sababu hakuwa anatania. Ni zaidi ya kilomita thelathini. Mmoja alisema viatu vyake vya sherehe havitafika hata Soni. Hapo mume wa kiongozi wetu aliinua macho kwa mara ya kwanza.

"Viatu niachieni mimi," alisema.

Wiki nzima iliyofuata tulipita kwake mmoja mmoja. Aliweka kipande cha boksi chini, ukakanyaga, akauzungushia mguu wako kipande cha mkaa. Wengine waliona aibu, mwanamume kushika nyayo zao, na kiongozi wetu akawa anasimama kando na kuwasemesha mambo mengine ili wasahau. Matairi yaliletwa na madereva, yaliyolika, ya mabasi yao wenyewe. Jozi kumi na sita. Alipomaliza ya mwisho alizipanga zote kibarazani kwa mstari, akaagiza chai.

Tarehe saba jioni matajiri walikuwa bado hawajajibu. Kilichokuja ni ujumbe tu kwamba kutakuwa na kikao ofisini kwa mkuu wa wilaya kesho saa sita. Mume wangu alirudi, akaketi kwenye kigoda jikoni, akanitazama nikikunja sare yangu.

"Utakwenda kweli kwa miguu?"

"Nitakwenda."

"Mimi sitaweza kuliwasha gari."

"Sijakuomba."

"Na ungeniomba?"

Nikaendelea kukunja. "Ndiyo maana sijakuomba, baba watoto."

Alinyoosha mkono, akachukua ncha ya pili ya kitenge, tukakikunja pamoja kama watu wanaokunja shuka.

Alfajiri, baada ya swala, nilimkuta mlangoni amevaa buti zake za mvua. Ngoma kubwa, ile ambayo tulikuwa tumebishana nani ataibeba, ilikuwa begani mwake.

"Nitakufikisheni Soni," alisema. "Kikao ni saa sita. Nitawahi."

"Utapanda mlima wote ule kurudi?"

"Nimeshaupanda mara nyingi."

"Umeupanda umekaa kitini."

Alitabasamu, na mimi, ambaye nilikuwa nimekusudia kubaki na hasira mpaka Tanga, nikashindwa.

Tulipita stendi kukiwa kunapambazuka. Sijawahi kuiona kimya vile. Mabasi yamepangwa kwa mstari, vioo vina ukungu, na madereva wamezunguka birika la kahawa wakiwa na makoti. Walimwona katibu wao na ngoma begani, nyuma yake wanawake kumi na sita waliovaa matairi yao. Nilidhani watacheka. Mmoja mmoja walisimama. Dereva mzee kuliko wote alivua kofia.

"Shikamoo baba," kiongozi wetu alimwamkia.

"Marahaba wanangu. Mwende salama." Kisha kwa mume wangu: "Katibu, saa sita!"

"Nitakuwepo."

Mpaka Soni ilikuwa raha. Tulikata njia za mkato kwenye mashamba ya kabichi, tukanunua matunda ya plamsi kwa bibi mmoja aliyeketi mlangoni pake, tukala tukitema kokwa. Mume wangu hakuwahi kuitembea barabara ile, na aliishangaa. "Hapa mimi ninaingiza gia ya pili," alikuwa akinionyesha. "Hapa ninapiga honi mara mbili. Sikujua kama kuna nyumba pale." Mahali pengine alisimama kabisa, akasikiliza. "Kumbe mto unasikika hapa," alisema. Miaka yote ile injini ilikuwa imemfunikia sauti ya mto.

Soni, karibu na maporomoko, alinifunga ngoma mgongoni kwa kanga, kama mtu anayembebesha mke wake mtoto. Aliyakaza mafundo, akayajaribu, akayakaza tena.

"Kwenye kona tembeeni upande wa mlima," alisema. "Mkichoka kaeni, msijikaze."

"Rudi, utachelewa."

"Narudi."

Lakini alisimama palepale. Nilipogeuka mara ya kwanza alikuwapo, na mara ya pili pia. Mara ya tatu nilimwona mgongo, anapanda haraka, mikono nyuma, mtu mwenye miguu iliyozoea klachi na breki.

Chini ya Soni mvua ikatukuta. Barabara imebanwa na jabali upande mmoja na korongo upande wa pili, hakuna mahali pa kujikinga. Sare tulikuwa tumezifunga kwenye mifuko ya nailoni, tukalowa sisi. Makatambuga hayakukatika hata moja, ila yalichubua, na kwenye vidole watu walianza kutoa damu. Nyimbo zilikuwa zimekwisha zamani. Kila mmoja alikuwa akitazama visigino vya aliye mbele yake.

Kwenye kona moja kiongozi wetu alisimama. Jabali la pale lilikuwa na mkwaruzo mrefu, rangi nyeupe iliyoparuzwa, na chini yake vipande vya kioo vilivyozikwa nusu. Hakuna aliyehitaji kuuliza. Aliusogelea, akaugusa kwa kiganja kuanzia mwanzo wake mpaka mwisho, hatua nne au tano, kama mtu anayepima kitambaa. Sisi tulisimama mvuani.

"Aliliegemeza hapa," alisema. "Sikuwahi kupaona. Ninapita garini nafumba macho."

Nilimshika bega. Kisha akavuta pumzi, akaanzisha wimbo wa kubeba mizigo, ule mzito wa polepole, na tukaupokea. Tuliuimba wimbo ule mpaka mvua ikaisha. Sijawahi kusikia tukiimba vizuri vile, si kabla wala baada, na hapakuwa na mtu wa kutusikia isipokuwa nyani.

Tulianza kuhisi joto la Mombo usoni, na chini tukaona bati za nyumba zinang'aa, ndipo honi ilipolia nyuma yetu. Mara mbili, fupi, kisha moja ndefu. Niliijua kabla sijageuka. Basi lake lilitokeza kwenye kona, taa zikiwaka mchana, na madirishani vichwa vya madereva wenzake wote. Walipiga makofi kwenye bati la basi. Mume wangu alisimamisha, akaruka chini. Suruali ilikuwa na matope mpaka magotini.

"Wamesaini!" alisema. "Si wote. Wawili wamekataa, wametoka kikaoni. Waliobaki wamesaini mbele ya mkuu wa wilaya. Tajiri wangu naye kasaini." Akanitazama miguu. "Pandeni. Pandeni jamani, mkae."

Nilikuwa nimeshainua mguu. Kiongozi wetu hakusogea.

"Mombo ile pale," alisema.

"Naiona, dada. Bado kama nusu saa."

"Basi tuache tumalize, shemeji. Tumetembea tangu alfajiri. Nikishuka kwenye gari hapo chini nitasema nilifikaje?"

Nilidhani wenzangu watampigia kelele. Walitazamana tu. Yule aliyesema tuombe gari moja kwa ajili ya taifa ndiye alikuwa wa kwanza kurudi barabarani. Nikaifungua ngoma mgongoni, mume wangu akaipokea, akaiweka kwenye kiti cha mbele, kile cha kwangu.

Tukamaliza kwa miguu. Basi lilitufuata kwa gia ya kwanza, taratibu, tupu kabisa, maana madereva nao walishuka wakatembea nyuma yetu na kuitikia nyimbo wasizozijua maneno. Yeye peke yake alibaki kwenye usukani. Watu wa Mombo walitoka madukani kutuangalia. Wengi walidhani ni msafara wa harusi.

Mombo ndipo tulipopanda basi lake. Tanga tulilala kwenye madarasa ya shule, na asubuhi tukavaa sare. Niliyaona yote niliyokuwa nimeyatamani: bendi, gwaride, watoto wa halaiki wanavyogeuza vitambaa uwanja mzima ukabadilika rangi. Zamu yetu ilipofika tuliingia tukichechemea, kumi na sita, na mshereheshaji akasema kikundi hiki kimetoka milimani. Hakusema tumekujaje. Tuliimba wimbo mmoja na nusu, tukaashiriwa tutoke, ratiba imebana. Ulikuwa muda mfupi kuliko ule tuliosimama kwenye lile jabali. Nilimtafuta mume wangu kwenye umati kila upande nilioweza kugeukia.

Mikataba ile haikututajirisha. Ilikuwa ya ukurasa mmoja tu, yenye muhuri. Wale matajiri wawili waliokataa waliajiri madereva wapya, na baadhi ya waliosaini walianza kuikwepa baadaye. Lakini miaka mingi mbele, mgongo wa mume wangu ulipokataa usukani, alikwenda kwa tajiri na ukurasa wake, na hakuna aliyemwambia hajulikani. Jirani yetu hakupata kitu, kwa kuwa ajali yake ilikuwa imetokea kabla. Aliendelea na makatambuga, na kila dereva mpya wa stendi ile alinunua kwake jozi ya kwanza.

Siku ile, tulipotoka uwanjani, mume wangu alikuja mbio kutupokea. Alinishika mikono yote miwili mbele za watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Mmeimba vizuri sana," alisema. "Nimesikia kila neno."

Shavu lake la kushoto lilikuwa na alama za mishono ya kiti cha basi, mstari baada ya mstari, zimezama kabisa, na jicho moja lilikuwa bado halijafunguka vizuri kwa usingizi. Alikuwa ameshuka Soni na ngoma, akapanda, akakaa kikaoni, akatuendesha mpaka Tanga.

"Ulisimama wapi?" nilimuuliza.

"Kule nyuma. Palikuwa na watu wengi."

"Nilikuona," nilisema.

Akafurahi mno.